Spika ya kuongea nayo ndani ya nyumba ya mawe, Amu (Lamu): makosa yangu yote haya hapa

Saa nane na dakika kumi usiku stima ilirudi. Ilikuwa imepotea tangu baada ya isha tukalala zetu gizani kama kawaida, sasa iliporudi balbu zote nne nilizozifunga wiki ile zikawaka kwa pamoja, mwanga mpaka mwisho, nyumba ikawa kama ya harusi. Mama akaamka akidhani kumekucha akaanza kupapasa aende akatawadhe, mie nikashuka ngazi na usingizi wangu nikajikwaa kidole cha mguu, na kule msanani, ukumbini kwetu chini, ile spika ikaanza kuongea Kizungu peke yake eti haipati intaneti. Mama akaniuliza, nani mwanamke huyo usiku huu? Nikamwambia ndio ile zawadi ya mwanao. Akasema, mrejeshee.

Hatukumrejeshea. Leo ni karibu mwaka na nusu na mama ndie anaeitumia kuliko mie, lakini kufika hapo nimeharibu pesa, nimegombana na mdogo wangu, na siku moja nilimtia mama hatarini kweli kwa ujinga wangu wa saa, nitaieleza. Naandika haya manake watu kadhaa hapa mtaani wameletewa vidude hivi na jamaa zao wa Dubai na Marekani na vimekaa kwenye zidaka, zile shubaka za ukutani, kama mapambo, mtu anauliza hali ya hewa siku ya kwanza, anachekesha wageni siku ya pili, basi, imekwisha.

Sisi twakaa mtaa wa Mkomani, nyumba ya zamani ya ghorofa. Mama ana presha ya macho, jicho moja halioni kabisa na la pili aona ukungu, na ngazi zetu mwazijua zilivyo, nyembamba zimesimama wima. Mie nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni Shela, natoka asubuhi narudi magharibi, nyumbani abaki yeye na binti wa dada yangu akitoka shule. Mdogo wangu alie Minneapolis, Marekani, akaona dawa ni spika ya kuamrisha kwa sauti, mama aseme tu taa iwake. Alinambia vitu hivi si vigeni, Amazon ilitoa spika yake ya kwanza, Echo, tangu 2014 na Google ikafuata 2016, kwa hivo shida zote zimeshatolewa. Shida zilizotolewa ni za Minneapolis.

Ndani ya boksi kulikuwa na spika moja na plagi mbili za kuwashia vitu kwa simu. Spika nikaichomeka na adapta, ikawaka vizuri. Nikaona basi plagi nazo ni hivo hivo, nikachomeka moja na feni ya mezani ya mama. Ililia pa! ikatoa moshi na harufu ya plastiki mpaka jirani akauliza kwenye wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, kuna nini. Kumbe kifuniko cha adapta ya spika kimeandikwa 100-240V, yaani inakula umeme wa popote, lakini zile plagi zimeandikwa 120V tu na sisi Kenya umeme wetu ni volti 240. Ile adapta tunayonunua dukani ya kubadilisha miguu haibadilishi umeme, yabadilisha tundu tu. Soma maandishi madogo nyuma kabla ya kuchomeka, kama hayakufika 240 mpe mtoto achezee. Ya pili bado iko kwenye droo, siwezi kuitupa, roho yauma.

Balbu nikanunua mwenyewe kutoka Mombasa, nne, kila moja shilingi 1,600, zaja na basi halafu boti ya Mokowe. Hapo ndipo nilipokutana na kuta zetu. Nyumba hizi ni matumbawe na chokaa, ukuta wa karibu nusu mita, waifai haipiti. Ruta, kile kiboksi cha kugawa intaneti, ilikuwa chumbani kwangu ghorofa ya juu, na spika iko chini msanani, ilikuwa inajibu mara moja kati ya tatu. Siku nne nzima nikidhani ni mbovu. Na balbu zilikataa kabisa kuungana, nikatukana kila mtu, mpaka kijana mmoja anaeuza simu akanambia balbu hizi zatumia mawimbi ya waifai ya 2.4GHz pekee na simu yangu ilikuwa imekamata ya 5GHz, ruta yangu ilikuwa imeyapa yote mawili jina moja. Ukiingia kwenye setingi za ruta ukayatenganisha majina, ukaiweka simu kwenye ya 2.4, balbu zaingia dakika mbili. Hio 2.4 pia ndio inajitahidi kupenya ukuta, ile 5 ni ya kasi lakini ukuta wa Amu hauiwezi.

Dawa ya ukuta haikuwa kitu cha ajabu. Niliishusha ruta nikaiweka kwenye msana unaotazama kiwanda, ule uwazi wa katikati ya nyumba, manake mawimbi yanapanda kupitia uwazi kuliko kutoboa mawe. Ruta ya zamani ilikuwa chovu nikanunua nyengine 6,500. Fundi wa kupitisha waya 1,500 na chai yake.

Spika yenyewe mama alitaka iwekwe kwenye kidaka, ipendeze na sahani za kizamani. Hapana. Ndani ya kidaka sauti yazunguka, maikrofoni haisikii vizuri, na ikiwa chini ya pangaboi vilevile haisikii. Iwe mbali na ukuta kama shubiri moja, usawa wa kifua cha mtu aliekaa. Yetu iko juu ya kikasha kando ya kiti cha mama, na nimeiwekea kitambaa chini tu si juu.

Sasa suala la stima. Balbu hizi huko zinakotengenezwa zimewekwa kwamba umeme ukirudi ziwake, kwa sababu mtu asiekuwa na simu aweze kuziwasha kwa swichi ya ukutani. Kwa mji ambao umeme haukatiki hio haina neno. Kwa sisi ni balaa. Ndani ya programu ya balbu yenyewe, si ile ya spika, kuna setingi ya hali ya balbu baada ya umeme kurudi, chagua ikae ilivyokuwa kabla. Niliitafuta usiku uleule nimekaa kwenye ngazi kidole chatoka damu. Halafu nikanunua ile betri ndogo ya ruta, 3,200, inaishikilia ruta kama masaa matatu. Si anasa. Vidude hivi kifaa chenyewe chasikiliza jina lake tu, ukishalitaja maneno yanayofuata yaenda kwenye kompyuta za kampuni huko mbali ndio jibu lirudi. Intaneti ikipotea umebaki na jiwe linaloomba radhi. Kwa hivo kurunzi ya mama haijaondoka chini ya mto wake, na usiiondoe kwako.

Na swichi za ukutani! Mama miaka sabini na kitu azima taa ukutani akitoka chumbani, hio ni adabu ya nyumba. Akizima ukutani balbu imekufa, haisikii amri ya mtu. Nilimlalamikia wiki mbili, nikabandika hadi plasta juu ya swichi, akabandua. Mwishowe nikajiuliza nani amekuja kumtumikia nani. Nikaacha swichi za vyumba vyengine zote kama zilivyo na balbu za kawaida, nikabakisha balbu za sauti sehemu nne tu anazopita usiku: chumbani kwake, msanani, ngazini na mlango wa choo. Hizo nne fundi akazifunika swichi zake kwa juu zisiguswe. Tangu siku hio ndio mambo yakaanza kukaa sawa, manake kabla ya hapo nilikuwa nataka nyumba nzima iongee.

Saa. Hapa nisikilizeni vizuri.

Spika ilisajiliwa na mdogo wangu kwa akaunti yake, kwa hivo ilikuwa inaishi Minneapolis. Ramadhani nikaiambia ituamshe daku saa kumi usiku, nne alfajiri ya Kizungu. Hatukuamshwa na mtu, bahati watoto wa ngoma ya daku walipita. Saa sita ya mchana tumefunga, jua limesimama kichwani, kengele ikalia kwa furaha kubwa. Tofauti ilikuwa masaa manane. Tukacheka, nikabadilisha saa na mahali kwenye setingi, na kwa kufanya hivo taa za kuwaka zenyewe jua likizama nazo zikajua magharibi ya Amu ni lini. Hio haikunifundisha vya kutosha.

Mama ameza kidonge cha presha ya damu saa mbili usiku. Nilikuwa nimechoka nimetoka kazini, nikamwambia spika imkumbushe "two o'clock". Ikaniuliza asubuhi au jioni, nikasema jioni, nikaenda kulala. Mbili. Kichwa changu kilifikiri Kiswahili mdomo ukasema Kizungu. Kesho yake saa nane mchana ikamkumbusha, akameza, yeye amezoea kuitii, na usiku saa mbili akameza tena kwa mazoea yake ya miaka. Alipata kizunguzungu akakaa chini pale juu ya ngazi, PALE JUU YA NGAZI, binti ndie alimshika. Tulimpigia daktari akatwambia tumpime presha kila baada ya muda na asisimame peke yake mpaka asubuhi. Yakaisha salama alhamdulillahi, lakini usiku ule sikulala na wala sikumwambia mdogo wangu mpaka wiki imepita.

Kwa hivo: saa yetu na saa ya mashine zimepishana sita, kila mtu ajua hilo na kila mtu atakosea akiwa amechoka. Sasa ukumbusho wowote wa dawa siusemi kwa mdomo, nauandika kwenye simu kwa tarakimu za 20:00, halafu namwambia mtu wa pili ausome. Na ukumbusho wenyewe nimeubadilisha maneno usiseme "dawa" tu, unasema dawa ya usiku baada ya isha, ikisema hivo mchana mama mwenyewe atashtuka. Kisanduku cha vidonge cha siku saba pia kipo, spika yakumbusha, kisanduku ndicho kinachoonyesha kama amekula.

Lugha ndio iliyonichukua muda mrefu na ndio iliyonifurahisha zaidi. Google walianza kuandika Kiswahili cha kusemwa kwenye kibodi ya simu tangu 2017, kwa hivo mie nilidhani na spika zote zimeshajua. Yetu haikuwa na Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake. Na mama Kizungu hana, ana Kiamu chake, Kiswahili cha hapa Amu. Alikuwa akiiambia, "ndoo uizime taa ya yuu, mato yaniuma", yaani njoo uizime taa ya juu, macho yaniuma, na ile inajibu haijaelewa, mama akaona amedharauliwa.

Nikaanza kumfundisha Kizungu, kosa. Mtu mzima hafundishwi lugha mpya ili awashe taa. Nikazipa balbu majina, ile ya chumbani kwake nikaiita Mama manake neno hilo mashine yalijua. Ikafanya kazi vizuri mno. "Turn off Mama", taa yazima. Siku moja akamuuliza binti maneno hayo maana yake nini, na binti bila kufikiri akamwambia, "mzime Mama". Lo! Mie nazimwa ndani ya nyumba yangu? Alinuna siku mbili. Tukabadilisha, balbu sasa zaitwa Malindi, Mombasa, Zanzibar na Cairo, majina ya miji mashine yayajua kwa matamshi yetu na mama yeye hayamtupi.

Lakini bado amri yenyewe ilikuwa Kizungu. Ufumbuzi niliupata kwa bahati. Ndani ya programu ya spika kuna historia ya yale iliyoyasikia, imeandika kwa maneno, na iwe Alexa, ile ya Amazon, au Google zote zina mahali hapo. Nikawa nasoma usiku, nacheka. Mama akisema "washa taa" mashine ilikuwa imeandika "wash a tar". Akisema "zima taa" imeandika mara "Zima tar" mara "see my tar". Sasa kuna kitu kinaitwa rutini, unajiandikia mwenyewe sentensi, ukiisema inafanya kazi uliyoipangia. Nikaandika rutini sentensi yake ni "wash a tar", kazi yake ni kuwasha Malindi. Mama akasema washa taa, kwa sauti yake, kwa Kiamu chake, ikawaka!

Alinyamaza kidogo halafu akaniita jina langu la utotoni.

Basi tukakaa jioni tatu mfululizo, mie na binti, mama asema anavyosema siku zote, sie twasoma mashine imesikia nini, twakopi makosa yake twayageuza kuwa amri. Kila amri tukaipa maandishi mawili matatu manake haikosei vilevile kila mara. Mengine yalikataa, neno lenye ng' halikukubali kabisa, "mwanga" pia ilikuwa inasikia kitu kipya kila siku tukaliacha. Maneno mafupi yenye silabi wazi ndio mazuri. "Lala" ilikubali mara ya kwanza: yazima msana na ngazi, yaacha taa ya choo ikiwaka kwa mwanga mdogo sana, yapunguza sauti ya spika. Kama utafanya jambo moja tu kwenye haya yote nilioandika fanya hili, na amri zisizidi tano sita, mama yetu ana tano. Na sentensi hizo usizijaribu kwa sauti yako, mkae na mwenye kutumia aziseme mwenyewe, mie mwanzo nilijaribu kwa sauti yangu na yake haikukubali hata moja.

Ile rutini ya magharibi niliipamba kupita kiasi, jua likizama taa ziwake na taarabu ianze. Siku ya kwanza ikaanza na adhana pamoja, ami yetu wa nyumba ya pili akakohoa dirishani kile kikohozi chake. Muziki nikautoa.

Kuhusu masikio ya hiki kitu. Kuna siku dada zake mama walikuja, wamevua mabuibui wamekaa msanani na halua yao wanazungumza. Mazungumzo yalikuwa ni ya mdogo wangu, kwamba umri umekwenda, posa zote akataa, na kuna binti wa Matondoni na familia yake ni hivi na vile, na kasoro zake yeye moja moja. Ghafla spika ikasema, "Assalamu alaykum". Ni mdogo wangu huyo. Wakati anasajili alijipa ruhusa ya kuingia moja kwa moja bila mtu huku kupokea, kwa nia njema, amtazame mama akianguka. Alikuwa amesikia yote. Khaloo mmoja alivaa buibui lake nyuma mbele akatoka.

Tuligombana kwa simu mie na yeye, yeye asema usalama, mie nasema nyumba ina watu. Mwisho ruhusa ile tukaizima, sasa akipiga inalia kama simu na mama aipokea kwa neno. Na wageni wakija kuna kitufe cha juu cha kuzima maikrofoni, taa nyekundu yawaka, mama alishika mahali pake kwa kidole. Waambie watu kuna kitu kinasikiliza, usingoje wagundue. Historia ya sauti pia tumeiweka ijifute baada ya miezi mitatu, ile ya majaribio ilikuwa imeshatusaidia. Na ununuzi kwa sauti nikauzima kabisa, akaunti ni ya mdogo wangu na kadi ni yake lakini binti wa miaka kumi na mbili na spika peke yao mie nikiwa kazini, hapana.

Jumla nimetoa 17,600 juu ya zawadi, bila kuhesabu bando la kila mwezi. Kwa pesa hizo ningeweza kununua taa za kuwaka zenyewe mtu akipita, za betri, nikamaliza suala la ngazi siku moja, na kama shida yako ni ngazi pekee nenda kanunue hizo. Sisi kilichotufanya tusijute ni kwamba mama aomba Qur'ani mwenyewe usiku akikosa usingizi, na aniita Shela mwenyewe bila kungoja binti ampigie, na hajaniamsha kwa ajili ya choo miezi mingi sasa.

Chumvi ya bahari bado ni tatizo, holda ya taa ya mlango wa choo imeshashika kutu mara mbili, nasugua napaka grisi kidogo stima ikiwa imezimwa, yaendelea.

Wiki iliyopita yule khaloo wa buibui alikuja na boksi lake kutoka kwa mwanawe, ataka nae awekewe. Nikaanza kumweleza mambo ya volti na 2.4, macho yake yakawa mazito. Mama akanikata, akamwambia, wewe sema pole pole na usimpigie kelele, huyu hajui Kiamu lakini asikia. Na mwambie mwanao mapema, asiingie bila hodi.